UZI: Rekodi mpya za muziki wa Florence Price, na kwa nini usisikilize moja tu

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Kila mara mtu anaponiuliza aanze na rekodi ipi kati ya zile zilizotoka miaka ya karibuni katika muziki wa klasiki, jibu langu huwa ni lilelile, kwamba aanze na Florence Price. Sisemi hivyo kwa kumpima na Bach au Beethoven, maana shindano la namna hiyo halina mshindi. Ninasema hivyo kwa sababu rekodi mpya ya simfoni ya tano ya Beethoven huja kuongezwa juu ya lundo la rekodi zilizoitangulia, ilhali rekodi ya simfoni ya nne ya Price, iliyotolewa na kampuni ya Naxos mwanzoni mwa 2019, ndiyo iliyotuwezesha kuisikia kazi hiyo katika rekodi kwa mara ya kwanza, ingawa mtunzi aliimaliza mwaka 1945 na kufariki mwaka 1953 bila kuisikia ikipigwa.

Kwa wasiomfahamu, Florence Beatrice Price alizaliwa tarehe 9 Aprili 1887 katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na binti alipelekwa kusoma muziki Boston, katika chuo cha New England Conservatory, ambako alihitimu mwaka 1906. Huko chuoni, kwa shauri la mama yake, aliandikishwa kuwa ametokea Mexico, ili weusi wake usiwe kikwazo. Mwaka 1927, baada ya mtu mweusi kuuawa na kundi la watu hadharani mjini Little Rock, familia yake ilihamia Chicago. Ndoa ikavunjika, akabaki analea watoto huku akifundisha piano na kupiga kinanda katika majumba ya sinema, enzi zile ambapo picha zilikuwa bado hazina sauti.

Mwaka 1932 simfoni yake ya kwanza ilishinda tuzo ya Wanamaker, zawadi ikiwa dola 500, na tarehe 15 Juni 1933 ikapigwa na Chicago Symphony Orchestra chini ya uongozi wa Frederick Stock. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kabla ya hapo kupigiwa simfoni na okestra kubwa ya Marekani. Mtu angedhani milango ilifunguka siku ile. Haikufunguka. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, barua ambayo aliianza kwa kukiri kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na asili yake, akamwomba azitazame kazi zake kwa ubora wake tu. Okestra ile haikuzipiga.

Kisha ikaja ile nyumba. Mwaka 2009, katika kijiji cha St. Anne, kusini mwa Chicago, wanandoa waliokuwa wakikarabati nyumba iliyoachwa muda mrefu, paa likiwa limetobolewa na mti ulioanguka, walikuta rundo la makaratasi yenye noti katika sehemu ambayo mvua haikuifikia. Jina lililojirudia juu ya karatasi hizo lilikuwa Florence Price, kwa kuwa nyumba hiyo ndiyo aliyokuwa akiishi wakati wa kiangazi. Ndani ya rundo hilo mlikuwa na koncheto mbili za fidla (yaani kazi ambazo fidla moja huongoza mbele ya okestra) na simfoni ya nne. Makaratasi yakaenda Chuo Kikuu cha Arkansas, na mwaka 2018 kampuni ya G. Schirmer ikapata haki ya kuchapisha kazi zake. Hilo la uchapishaji wengi hulipita haraka, lakini okestra haiwezi kupiga kitu ambacho kila mwanamuziki hajawekewa karatasi yake mezani, na wimbi la rekodi tunalolizungumzia hapa lilianza pale noti hizo zilipoanza kupatikana kwa urahisi.

Mleta mada (inaendelea)

Sasa nije kwenye rekodi zenyewe. Zilizo muhimu zaidi kwangu ni za simfoni, na kuna njia mbili za kuziingia.

Njia ya kwanza ni ya kiongozi wa okestra John Jeter. Yeye aliirekodi simfoni ya kwanza na ya nne akiwa na Fort Smith Symphony, okestra ya mji usio mkubwa ulio palepale Arkansas, na ndio walioipiga ya nne hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Baadaye, mwaka 2021, akaongeza simfoni ya tatu akiwa na okestra ya redio ya Vienna. Njia ya pili ni ya kiongozi Yannick Nézet-Séguin na Philadelphia Orchestra, ambao rekodi yao ya simfoni ya kwanza na ya tatu ilitolewa na Deutsche Grammophon mwaka 2021, ikapata tuzo ya Grammy ya uchezaji bora wa okestra mwaka 2022, halafu simfoni ya nne ikafuata mwaka 2023.

Ukizisikiliza kwa haraka utasema mshindi ni Philadelphia, na kwa sauti tupu utakuwa sahihi. Safu yao ya fidla ni pana, ina joto, na ala za shaba hazipayuki hata pale zinapopigwa kwa nguvu zote. Hata hivyo, nimejikuta nikirudi kwa Jeter mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na sababu yake ni juba.

Juba ni ngoma ya watumwa wa kusini mwa Marekani. Katika mashamba mengi walinyimwa ngoma za kupigwa, kwa hofu kwamba wangepelekeana habari kwazo, kwa hiyo mwili wenyewe ukawa ngoma: miguu ikishika mdundo chini, viganja vikipiga mapaja, kifua na mashavu kwa mapigo yanayokatiza mdundo ule. Price aliichukua ngoma hiyo na kuiweka katika sehemu ya tatu ya simfoni zake, mahali ambapo watunzi wa Ulaya huweka dansi yao au mchezo wa haraka. Ala nzito za nyuzi zinafanya kazi ya miguu, fidla zinafanya kazi ya viganja. Katika simfoni ya kwanza ameandika pia ngoma za Kiafrika, kubwa na ndogo, na filimbi ya kuvuta ambayo mlio wake hupanda na kushuka kama mtoto anayechezea mdomo.

Ngoma hii inahitaji ukavu kidogo. Wanamuziki wa Philadelphia wanaicheza kwa ufundi usio na dosari, lakini kwa masikio yangu wanaicheza wakiwa wamevaa viatu vya kung'aa. Wale wa Fort Smith fidla zao ni chache, mahali fulani mishono inaonekana, lakini miguu inagusa udongo. Katika simfoni ya tatu mambo hugeuka, kwa kuwa ule mwanzo wake wa ala za shaba na zumari nzito, wenye kiza na sauti zisizotulia, unahitaji okestra yenye kina, na hapo Philadelphia hawana mpinzani. Simfoni hiyo ilipigwa kwanza Detroit mwaka 1940, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa wakati huo, alisikia mazoezi yake akaisifu katika safu yake ya gazetini.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uzi wenye utafiti. Naomba hata hivyo niulize jambo ambalo wengine huenda wanaliwaza bila kulisema. Nimeisikiliza hiyo simfoni ya kwanza mara mbili na nikasikia Dvořák, yule mtunzi wa Kicheki, tena Dvořák wa ile simfoni aliyoitunga akiwa Marekani: sauti ileile ya mi ndogo (E minor), nyimbo zilezile za noti tano. Je, tunamsifu mama huyu kwa muziki wake au kwa habari ya maisha yake? Maana nyumba yenye paa lililotoboka ni simulizi tamu mno, na simulizi tamu huweza kuyaziba masikio.

Mleta mada

Swali lako ni la haki na sitalikwepa. Ni kweli kwamba Dvořák yumo. Simfoni ile aliitunga mwaka 1893, naye alisema waziwazi kwamba watunzi wa Marekani wachote kwenye nyimbo za watu weusi. Price alimjibu kwa kuingia katika nyumba ileile na kuhamisha samani. Dvořák alizisikia nyimbo za kiroho za watu hao kama mgeni anayependezwa nazo, akazitia katika sehemu ya polepole yenye huzuni ya mtu aliye mbali na kwao. Price hakunakili wimbo wowote wa kiroho moja kwa moja katika simfoni yake ya kwanza, bali alitunga nyimbo zake mwenyewe zinazotembea kama nyimbo hizo, na hiyo juba haimo kwa Dvořák kabisa.

Nitakupa pia upande wa pili, kwa kuwa uzi wa kusifu tu hauna faida. Sehemu ya kwanza ya simfoni ya kwanza ni ndefu kuliko mali iliyomo, na mahali pa kuendeleza wazo yeye mara nyingine hulirudia tu kwa ala nyingine. Koncheto ya kwanza ya fidla, ya mwaka 1939, inafuata nyayo za Tchaikovsky kwa ukaribu mno, hadi mtu aliyeizoea ile ya Tchaikovsky atajikuta akitabiri hatua inayokuja. Lakini sikiliza koncheto ya pili ya fidla, ya mwaka 1952, aliyoiandika mwaka mmoja kabla ya kufariki. Ni ya sehemu moja, ni fupi, na haimfuati mtu. Mawazo yake yanakatizana, shaba inaingia kama mtu anayefungua mlango bila kubisha hodi, na fidla inajibu kwa wimbo ambao siwezi kuutafutia baba. Mtunzi aliyekuwa na umri wa miaka 65 alikuwa bado anabadilika, na asingejulikana hivyo kama rundo lile la karatasi lingeloana.

Koncheto hizo mbili zilirekodiwa kwanza na mpiga fidla Er-Gene Kahng, rekodi iliyotoka mwaka 2018 kwa kampuni ya Albany. Mwaka 2023 Randall Goosby, kijana Mmarekani, akazirekodi akiwa na Philadelphia Orchestra na Nézet-Séguin yuleyule, akaziweka pamoja na koncheto maarufu ya Max Bruch. Goosby ana mlio mtamu na hana haraka, na kwa hii ya pili ningechagua yake. Kuziweka kando ya Bruch nako ni uamuzi wa akili: msikilizaji aliyenunua kwa ajili ya Bruch anajikuta amemsikia Price bila kuombwa.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa na sikuwahi kumsikia mtunzi huyu hadi niliposoma uzi huu jana. Nimeisikiliza sehemu ya pili ya simfoni ya kwanza mara nne, na ninataka kuwaambia wanakwaya wenzangu waliomo humu kwamba hawahitaji mafunzo yoyote kuielewa. Ni utenzi. Kundi la ala za shaba linaimba ubeti kama kwaya ya sauti nne, tena kwa ile hali ya kuvuta pumzi kati ya mstari na mstari, halafu ala za mbao za kupuliza zinajibu, huku ngoma ikigonga taratibu chini yake. Sisi tuliojifunzia kwenye do-re-mi za ubaoni tunaweza hata kuandika sauti ya tatu inavyokwenda. Karibu na mwisho zinaingia kengele, na hapo nilisimamisha kazi niliyokuwa nikiifanya.

Swali langu ni kuhusu kazi inayoitwa *Ethiopia's Shadow in America*, ambayo nimeiona katika orodha ya rekodi zake. Ethiopia imeingiaje humo?

Mleta mada

Mwalimu, umenifurahisha, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo ninayoiweka juu ya zote katika simfoni ile, na sikuwa nimeitendea haki.

Kuhusu Ethiopia, Wamarekani weusi wa zama zile waliposema Ethiopia mara nyingi walimaanisha Afrika yote, na chanzo chake ni Biblia, ule mstari wa Zaburi ya 68 unaosema Ethiopia itamnyoshea Mungu mikono yake. Price aliitunga kazi hiyo mwaka 1932 na kuigawa katika sehemu tatu, ambazo kwa maelezo yake mwenyewe ni kufika kwa Mwafrika Marekani akiwa mtumwa, kisha kukubali kwake hali na kushika imani, na mwisho kuzoea kwake nchi ile, yaani kuchanganyika kwa alichozaliwa nacho na alichokipata. Jeter ameirekodi pamoja na simfoni ya tatu. Rekodi nyingine ni ya Chineke!, okestra iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2015 na mpiga besi Chi-chi Nwanoku ili kuwapa nafasi wanamuziki weusi na wa jamii nyingine zilizoachwa nje. Katika rekodi hiyohiyo Jeneba Kanneh-Mason anapiga koncheto ya piano.

Koncheto hiyo ya piano nayo ilipotea kwa namna yake. Noti za piano zilikuwapo, lakini noti za okestra hazikuonekana kwa miaka mingi, hivi kwamba mtunzi Trevor Weston aliombwa azijenge upya, na toleo lake likarekodiwa na Karen Walwyn mwaka 2011. Baadaye noti za asili zikapatikana. Ni kazi ya dakika zisizofika ishirini, inaanza na tarumbeta peke yake, na inaishia kwa juba ya furaha tupu. Mbali na Jeneba, msikilizeni Michelle Cann akiwa na okestra ya vijana ya New York chini ya Michael Repper. Albamu yao ilipata Grammy ya okestra mwaka 2023, tuzo ambayo kwa kawaida huenda kwa okestra kongwe zenye majina makubwa, na ukisikia namna wale vijana wanavyoirukia sehemu ya mwisho utaelewa kwa nini wakongwe walipitwa.

Kwa kuwa Ethiopia imetajwa, nimtaje na William Dawson, ambaye simfoni yake, *Negro Folk Symphony*, imo pamoja na simfoni ya nne ya Price katika ile rekodi ya Philadelphia ya 2023. Okestra hiyohiyo ndiyo iliyoipiga kwa mara ya kwanza mwaka 1934, Leopold Stokowski akiongoza. Dawson alikuwa mwalimu wa kwaya kama wewe, katika chuo cha Tuskegee, Alabama. Mwaka 1952 alisafiri Afrika Magharibi, na aliporudi akaifungua upya simfoni yake na kuiongezea midundo aliyoisikia huko. Wimbo wa baragumu unaoanza simfoni hiyo aliufafanua kuwa ni pete iliyong'olewa katika mnyororo wa watu siku Mwafrika wa kwanza alipotwaliwa kutoka ufukwe wa kwao. Sehemu ya pili inafunguliwa na upatu, mapigo matatu, na kinachofuata ni mwendo wa watu waliochoka ambao hawaruhusiwi kusimama. Kwa kusema kweli, Dawson anaijenga simfoni kwa mkono wenye nguvu kuliko Price. Hakuandika nyingine.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mnazungumza kama watu wenye spika za sebuleni. Mimi nina simu, visikilizi vya bei nafuu na bando la wiki. Nianze na nini ambacho hakitanimalizia vyote viwili, bando na subira?

Mleta mada

Ndugu yangu, anza na *Adoration*. Ni kipande cha dakika chache ambacho Price alikiandika mwaka 1951 kwa ajili ya kinanda cha kanisani, na leo kinapigwa zaidi kwa fidla. Goosby ameweka kazi za Price pia katika albamu yake ya 2021 iitwayo *Roots*, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kipande hiki hakina ujanja wowote, ni wimbo mmoja unaopanda, unarudi, unapanda tena kidogo zaidi. Kisha nenda kwenye sehemu ya tatu ya simfoni ya tatu, ambayo ni juba tena, safari hii ikiwa na marimba na vipande vya mbao vinavyogonganishwa, na katikati yake inageuka kuwa ya kivivu kama dansi ya usiku wa manane. Vyote viwili havifiki robo saa.

Nikushauri jambo moja kuhusu visikilizi. Muziki huu haujasawazishwa kama muziki wa redioni, kwa hiyo pale unapokuwa mdogo usiongeze sauti hadi mwisho, maana tromboni za Price hazibishi hodi. Pakua kipande nyumbani penye mtandao wa bure, ukisikilize usiku nyumba ikishatulia. Ndani ya daladala utapata nusu tu ya noti zake, na hizo ni zile ambazo konda hajazifunika.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, narudi kama nilivyotakiwa. Nimeisikiliza koncheto ya pili ya fidla kwa Goosby, kisha kwa Kahng. Sijabadilika kuhusu simfoni ya kwanza, bado namsikia Dvořák, na sehemu ile ya kwanza bado ni ndefu. Lakini katika koncheto hii nilitafuta mtu wa kumsingizia na nikamkosa. Na nina tofauti na wewe: Kahng ananifaa zaidi. Okestra yake ni nyepesi, na pale shaba inapoingia bila hodi kama ulivyosema, fidla yake inashtuka kweli, wakati ya Goosby inaonekana ilikuwa inajua mgeni yuko njiani.

Mleta mada

Nimerudi kuisikiliza asubuhi hii kwa ajili ya neno lako hilo la kushtuka. Uko sahihi kuhusu mlango wa kwanza. Ule wa pili, karibu na katikati, bado nampa Goosby.